Jino Juu ya Nani

Siku mume wangu aliyokwenda kuwekewa jino, alirudi na pengo lile lile. Nilikuwa saluni kwangu, vidole vimejaa mafuta, mteja kaketi chini katikati ya magoti yangu, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama. Baba watoto akaegemea mlango, kafunga mdomo. Nikamwambia acheke tuone. Hakucheka. Nikamwambia basi afungue tu, mimi mkewe, hana cha kunificha. Akafungua. Kwenye fizi ya juu, mbele kabisa, kulikuwa na kile kifuniko kidogo cha chuma, kama kichwa cha skrubu ya kitasa, ambacho nilikuwa nimekitazama kwa miezi. Chini yake hamna kitu.

"Jino liko wapi?"

"Wanasema jino bado."

"Bado vipi? Si ulilipa?"

"Kumbe nililipia skrubu."

Mteja wangu akageuza shingo amtazame. Nikamrudisha kichwa kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika. Alinisamehe baadaye, lakini wakati ule hasira ilitaka pa kushukia na kichwa chake ndicho kilikuwa karibu.

Mtu akisikia habari ya jino moja anadhani ni mambo ya urembo. Mume wangu ni mpuliza tarumbeta wa harusi. Wenzake wanamwita Pumzi, kwa sababu anaweza kushika sauti moja mpaka watu waanze kumwonea huruma. Hajui kazi nyingine, na zile alizojaribu zilimshinda. Alijaribu kuuza simu, akawa anawaambia wateja ubovu wa simu kabla hawajauliza bei. Lakini mpe tarumbeta umweke mbele ya gari la bibi harusi, na vikongwe wanateremka kwenye viti vyao wanacheza. Tarumbeta lenyewe si lake. Ni mali ya mkuu wa bendi, tunayemwita Kamanda, kama zilivyo ngoma na yale makoti mekundu. Cha mume wangu ni kipulizio tu, kile kipande kidogo cha shaba cha kuwekea mdomo. Kazi ikiisha anakichomoa, anakifuta kwa leso, anakitia mfuko wa shati. Nimeshakifua pamoja na mashati mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

Jino lilimtoka kazini. Mjomba wa bwana harusi mmoja, mtu mzima na kitambi chake, alikuwa anacheza kinyumenyume bila kutazama nyuma. Akaligonga tarumbeta kwa mgongo, kipulizio kikaingia kwenye jino la mbele. Mjomba akaendelea kucheza. Jino likageuka rangi, likalegea, mwisho likang'olewa, na hakuna mtu wa harusi ile aliyepiga hata simu ya kuuliza hali. Nilimtafuta yule mjomba nimwambie maneno mawili matatu, nikaambiwa amesafiri. Naamini mpaka leo alikuwa chumbani.

Sasa, mpulizaji bila jino la mbele ni mlango bila bawaba. Mdomo wa juu unaegemea pale. Pakiwa wazi, mdomo unazama kwenye pengo na pumzi inatoka pembeni. Tukanunua jino la kuvaa, la plastiki, lile la kutoa usiku na kuweka kwenye glasi. Kwa kutafuna ugali laini lilimfaa. Harusi ya kwanza aliyokwenda nalo, katikati ya wimbo likabanduka. Hakuweza kusimama kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anaongoza, basi akalisukuma shavuni kama peremende na kuendelea kupuliza, na iliyotoka ilikuwa sauti ya birika linalokaribia kuchemka. Watoto wa mtaa ule walicheka mpaka wakalala chini. Jioni ile Kamanda akamnyang'anya tarumbeta akampa matoazi. Mgawo wa matoazi ni nusu. Na aliyekuwa anatembea mbele ya bibi harusi akawa anatembea nyuma ya ngoma, anagonganisha sahani. Kamanda akamwambia wazi kwamba msimu wa harusi ukirudi kabla mdomo haujapona, atamtafuta mtu mwingine.

Ndipo likaja lile tangazo. Lilibandikwa kwenye duka la dawa, picha ya mwanamume na mwanamke wanacheka na meno yao yote: kipandikizi cha jino, bei nusu. Mume wangu akaenda kuuliza, na Kamanda akamsindikiza. Hilo ndilo lilikuwa kosa, kwenda wanaume wawili. Wanaume wawili wakienda kuuliza bei, hawaulizi. Wanaambiwa, wanatikisa vichwa, wanalipa, kila mmoja asije akaonekana na mwenzake kwamba hana. Akarudi ameshakubali. Pesa ilikuwa yangu, akiba ya draya ya kusimama, ile yenye kofia kubwa ambayo mteja anakaa chini yake anasoma gazeti. Nilimpa kwa moyo mmoja. Draya ingesubiri, mdomo wa mtu hausubiri.

Wakamtoboa mfupa, wakamkaza ile skrubu, wakaifunika. Akavimba, akanywa uji, akaambiwa asubiri miezi hadi mfupa uishike. Na yeye, kwa furaha yake, akawaambia watu wote wa mtaa kwamba amepanda jino. Basi ikawa ndiyo salamu. Muuza mkaa akimwona anauliza, limeota? Fundi baiskeli anamwambia usisahau kumwagilia. Tukacheka nao, kwa sababu tulijua siku inakuja. Ilipokuja wakamwambia kuna kiunganishi, hicho kina bei yake. Kuna jino lenyewe la kukaa juu ya kiunganishi, nalo lina bei yake. Na picha ya kuangalia kama mfupa umeshika, hiyo nayo pembeni. Ukijumlisha inazidi ile skrubu. Bei nusu ilikuwa nusu kweli, nusu ya kwanza.

Mimi ni msusi. Mteja akiingia kwangu, kabla hajakaa, namuuliza swali moja: rasta juu yako au juu yangu? Kama za kwake, bei ni ya mikono. Kama zangu, bei ni hii, na ukitaka ndefu ni ile. Namwuliza hivyo hata mama mkwe. Sijawahi kumsuka mtu nusu kichwa, nikasimama, nikamwambia kwamba kusuka umelipa, sasa tuzungumze habari ya nywele. Ningefanya hivyo mara moja tu, na mtaa mzima ungenila nyama.

Kesho yake nikafunga saluni, nikamshika mume wangu mkono, tukaenda.

Ilikuwa kliniki safi, sakafu inateleza, viti vya rangi ya chungwa na watu wamekaa kimya wameshika mashavu. Dada wa mapokezi akatuambia daktari ana wagonjwa. Nikamwambia mgonjwa mwingine huyu hapa, mmemwacha na msumari mdomoni. Akatuingiza haraka, naona kwa sababu ya sauti yangu.

Daktari alikuwa kijana mpole, mikono misafi, hana haraka. Upole wake ulinichoma zaidi. Akaniambia, "Mama, tulimweleza mzee. Alilipia kipandikizi."

"Na kipandikizi si jino?"

"Kipandikizi ni kile kinachopandwa. Ile skrubu. Jino ni jino."

"Tangazo lenu linasema kipandikizi cha jino."

"Ndiyo. Cha jino. Kinachobeba jino."

Nilikuwa nimekumbatia mkoba wangu kifuani, na nakumbuka niliubana mpaka kitanzi kikanikata kidole. Nikamuuliza kwa nini hawakutaja bei nzima siku ya kwanza, skrubu, kiunganishi, jino, picha, yote, mtu akajua anaingia wapi. Akanijibu bila aibu, na kwa hilo nampa haki yake kwamba hakunidanganya. "Tukitaja yote kwa pamoja, mama, watu wanakimbia."

"Kwa hiyo mnangoja wawe na chuma kwenye mfupa, ndio muwaambie."

Mume wangu akaniambia polepole, "Mama watoto, twende." Nikamwambia haendi mtu.

Kuna jambo nililokuwa nalijua. Mteja wangu mmoja ni muuguzi kwenye chuo wanakosomeshwa madaktari wa meno, na usiku wa jana yake, nikimfumua, alikuwa amenieleza. Chuoni wanafunzi wanatengeneza meno wakisimamiwa na mwalimu, na bei yake inavumilika, na unalipa kidogo kidogo. Ila skrubu hizi si za aina moja. Kila kampuni na tundu lake, na kiunganishi cha hii hakiingii kwenye ile. Usipojua jina na saizi ya ulichopandikiziwa, hakuna wa kukusaidia kirahisi ila yule yule aliyekipanda. Basi nikasema sawa, jino tutatengenezea kwingine, tupeni jina la skrubu.

Upole ukapungua. "Hilo ni suala la kitaalamu, mama."

"Iko mdomoni mwake. Mwenye mdomo anataka jina."

"Kwingine hatuwezi kuwahakikishia ubora."

"Sijaomba uhakika. Nimeomba jina."

Akasema ataangalia, tupige simu wiki ijayo. Nikasimama, nikamshukuru, nikatoka, nikaketi kwenye kiti cha rangi ya chungwa katikati ya wale walioshika mashavu. Nikaanza kuzungumza. Sikupiga kelele. Nilizungumza kama ninavyozungumza saluni, na aliyewahi kusukwa kwangu anajua sauti hiyo inafika dukani kwa jirani. Nikamwuliza mama aliyekuwa kando yangu amekuja kufanya nini. Kipandikizi. Nikamwambia hongera, kabla hujafungua mdomo waulize, jino juu ya nani? Skrubu peke yake, au na shingo yake na kichwa chake? Na picha? Na ukirudi kukazwa mwakani? Na ikikataa kushika, wanarudia kwa bei ya nani? Kisha nikamwambia mume wangu amwonyeshe. Akafungua mdomo, maskini, kama mtoto anayeonyesha kwamba amemeza dawa. Mama yule akaitazama ile skrubu. Kisha akachukua mtandio wake na kwenda kusimama mbele ya mapokezi, na mzee mmoja wa upande wa pili akamfuata.

Jina la skrubu tulipewa kabla chai ya saa nne haijaletwa, limeandikwa na saizi yake na muhuri juu.

Nilitoka pale nikijiona nimeshinda. Mume wangu alikuwa anatembea nyuma yangu kidogo. Tulipofika kwenye kona ya fundi viatu akasema, "Unajua walichonifanyia? Wamenikatia getini."

Nikasimama barabarani. Hilo ni neno lao la bendi. Wanakubaliana na wenye harusi bei ya kusindikiza, na bei ni nafuu, ndiyo maana wanapata kazi. Wanapiga njia nzima. Wakifika kwenye geti la ukumbi, gari la bibi harusi limesimama, wageni wote wameshatoka nje na simu zao juu, Kamanda anainua ngumi. Wote wanakata kwa pamoja. Kimya. Kisha Kamanda anamfuata baba au mama wa bibi harusi na tabasamu lake, anamwambia njia mmelipa, geti bado. Na nani atabishana hapo, mbele ya wakwe? Wanalipa. Nimekula pesa ya geti miaka yote ya ndoa yangu. Nimenunulia sare za shule. Sikuwahi kuuliza mara moja yule mama aliyeitoa alikuwa ameiweka kwa ajili ya nini.

"Na wewe ndiye unayekata wa kwanza," nikamwambia. "Wewe ndiye unaongoza."

"Kamanda akiinua ngumi, nakata."

"Sasa leo unalia nini?"

Nilikuwa na hasira ya kutosha kwa watu wawili, nikaendelea kumsema mpaka nyumbani. Nilimwambia mwizi ameibiwa. Nilimwambia kama Kamanda alimsindikiza kliniki ile, basi daktari na Kamanda walipaswa kukumbatiana. Chakula cha jioni ile alikila peke yake uani.

Chuoni ilituchukua muda. Unakaa kwenye benchi la mbao, unaitwa, mwanafunzi anatazama, anakwenda kumwita mwalimu, mwalimu anatazama, anamwuliza mwanafunzi swali, mwanafunzi anakosa, mnaanza upya. Lakini siku ya kwanza kabisa mwalimu yule, mama mnene wa miwani, alitukalisha akatuambia kila kitu na bei yake: picha, kiunganishi, jino, kukazwa kila mwaka, na kwamba jino la juu linaweza kuchakaa miaka ijayo likataka kubadilishwa wakati skrubu bado nzima. Nikamwuliza kama kuna lingine. Akasema hakuna, na likitokea atatuambia kabla hajagusa. Nilitaka kulia, kwa jambo dogo kama hilo. Tukalipa kidogo kidogo, msuko huu, msuko ule. Mwanafunzi alihangaika sana na rangi, kwa sababu meno ya mume wangu ni ya mnywaji wa chai, na la kwanza alilomtengenezea lilikuwa jeupe kama sahani mpya. Mwalimu akalikataa. La pili likakaa. Siku ile baba watoto alikwenda nyuma ya nyumba, akatoa kipulizio mfukoni, akakipuliza peke yake bila tarumbeta. Kinalia kama bata. Kwangu ilikuwa sauti nzuri kuliko zote nilizosikia mwaka ule, na nilitoka kumwambia hivyo.

Kamanda akamrudishia tarumbeta. Msimu ulikuwa umerudi.

Harusi ya kwanza nilikuwepo, kwa sababu mimi ndiye niliyemsuka bibi harusi na wadogo zake. Nilikuwa getini na wageni nilipowasikia wanakuja, na nilimtambua yeye kabla hawajakunja kona. Sauti imejaa, haina tundu. Watu wakaanza kucheza pale pale walipo. Makoti mekundu yakatokea, yeye mbele, mashavu yamevimba, na gari nyuma yao linatambaa. Mama wa bibi harusi alikuwa kando yangu. Nilikuwa nimekaa nyumbani kwake siku mbili nikisuka, na nilijua viti vya ukumbi alikuwa amevikopa na keki bado alikuwa anadaiwa. Alipoona bendi inakaribia geti akaanza kufurahi, kisha akamwona Kamanda anamtazama.

Kamanda akainua ngumi.

Ngoma zikakata. Matoazi yakakata. Matarumbeta mengine yakakata. La mume wangu halikukata. Alishika ile sauti moja, ile iliyompa jina lake, akaishika, macho ameyafumba, na akapita katikati ya geti akitembea. Mpiga ngoma akamtazama Kamanda, akamtazama yeye, na mguu wake ukamshinda, akapiga. Wakaingia wote, gari likaingia, vigelegele vikafunika kila kitu. Yule mama alikuwa bado amekumbatia mkoba wake kifuani.

Sherehe ilipoisha Kamanda alikuwa anatusubiri nyuma ya ukumbi, kwenye masufuria. Hakugomba. Alinisalimu vizuri, shemeji habari, kisha akanyoosha mkono.

"Jino ni lako, Pumzi," akasema. "Tarumbeta ni langu."

Mume wangu akachomoa kipulizio, akakifuta kwa leso, akakitia mfukoni. Tarumbeta akampa. Akavua na koti, akalikunja vizuri, akalilaza juu yake.

Njiani nilitembea mbele yake kwa hasira. Draya imekwenda. Akiba imekwenda. Nimegombana na madaktari, nimekaa mabenchi, nimesuka vichwa mpaka vidole vimekakamaa, ili huyu mtu apate jino, ili apate tarumbeta, na tarumbeta hilo amekaa nalo siku moja. Tulipofika kona ya fundi viatu ndipo yakatoka.

"Ungekata dakika moja tu. Mara hii moja. Wangelipa, mngekula, maisha yangeendelea."

"Nilikuwa nataka kukata."

"Sasa?"

"Nilimwona yule mama. Alikuwa ameshika mkoba kama ulivyoushika wako kule kliniki."

Nikamtazama. Akatabasamu kidogo, kwa woga, kama anayeomba radhi, na jino likaonekana. Lilikuwa limekaa vizuri sana, usingejua ni lipi. Nikakasirika upya, kwa sababu lilimpendeza.

Tukatembea. Tulipokaribia nyumbani akakohoa, akasema kuna mtu nyuma ya soko anauza tarumbeta la mitumba. Amelisikia kwa mpiga ngoma. Bei yake nafuu sana.

"Bei ya nini?" nikauliza.

"Ya tarumbeta."

"Zima? Na vitufe vyake vinafanya kazi? Na mkoba wake? Na likivuja, kuziba juu ya nani?"

Nikafungua mlango, nikawasha taa, nikamwambia kesho tunakwenda wote wawili, na huko tukifika yeye asifungue mdomo.